Kuhama, kuhamia na kuhamishwa sio kitu kimoja

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na nimefundisha historia zaidi ya miaka ishirini, kwahiyo ukiona barua imekuwa ndefu nakuomba univumilie, hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu sana.

Ni kuhusu zile kurasa zenu za historia, na hata habari za kila siku, mnapoandika juu ya watu waliohama kwa makundi makubwa. Kila mara naona ramani, juu ya ramani mshale mnene umeanzia huku umeishia kule, na chini yake neno moja tu, uhamaji. Wabantu, uhamaji. Waafrika waliovushwa Atlantiki kwa minyororo, uhamaji. Watu wa India na Pakistan mwaka 1947, uhamaji. Wasyria nao uhamaji, au siku hizi mnaandika "wimbi la wahamiaji" kana kwamba watu ni maji. Sasa mi naomba tuongee hapo hapo manake Kiswahili hakina umaskini huo. Tuna hama, tuna hamia, tuna hamisha, tuna hamishwa, na tukitaka tuna kimbia na timuliwa. Herufi mbili tatu tu mwishoni mwa kitendo na tayari msomaji anajua nani aliamua, nani aliamuliwa, na kama kuna mtu alikuwa anaishi pale kabla mgeni hajafika. Mshale unafuta hayo yote.

Kuna mwaka mtoto mmoja darasani alimaliza kuchora mishale yake kwa rula, akanyoosha mkono akaniuliza, mwalimu, hawa watu usiku walikuwa wanalala wapi? Nilimjibu kijuujuu tu nikaendelea na somo. Swali lile halijaniacha mpaka leo na ndilo lililonifanya nirudi kusoma upya mambo niliyokuwa nayafundisha.

Nianze na Wabantu, manake hata lugha ninayoandikia barua hii imetokana na mambo yao. Wataalamu wa lugha na wa mambo ya kale wanaweka chimbuko maeneo ya mpakani mwa Nigeria na Cameroon za leo, miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita, na wazungumzaji wa lugha hizi wakaja kufika kusini mwa Afrika miaka kama 1,700 hivi iliyopita. Chukua kalamu upige hesabu, ni kilomita zaidi ya 4,000 kwa muda wa miaka kama 3,000, haifiki hata kilomita mbili kwa mwaka. Yaani kijana kaoa, shamba la baba limechoka, kavuka mto kafyeka upande wa pili, kajenga, kazaa, mwanae nae kakua kafanya hivyohivyo, na babu bado yuko nyuma kule wanamtembelea. Walilala kwao. Ndio jibu ambalo nilipaswa kumpa yule mtoto, walilala nyumbani kwao kila usiku karibu miaka yote hiyo na hamna hata mmoja aliyejua yumo ndani ya kitu kinachoitwa uhamaji wa Wabantu, hata hilo jina Bantu kama jina la kundi la lugha lilianza kutumiwa na Wilhelm Bleek, Mjerumani mtaalamu wa lugha, karne ya 19 huko.

Alafu vitabu vingi vinasema chuma ndio kiliwasukuma. Walipoanza hawakuwa na chuma, walikuwa na shoka za mawe na vyungu vyao, chuma kilikuja baadae wakiwa wameshasambaa. Kilichosaidia sana ni hali ya hewa, miaka kama 2,500 iliyopita ukame uliupunguza msitu wa Kongo sehemu sehemu, zikafunguka nafasi za nyasi katikati ya miti, na watu wakapata pa kupita na pa kulima. Ushahidi wa yote haya tunao mdomoni kila siku. Sisi tunasema mtu, Waduala wa Cameroon wanasema moto, kwa Kikongo ni muntu, kwa Kishona munhu, kwa Kizulu umuntu. Tatu yetu kwa Kishona ni tatu, kwa Lingala ni misato, kwa Kizulu inakuwa thathu. Mimi kila nikifika hapo darasani nilikuwa nasimama kidogo, watoto wenyewe wanaanza kulinganisha na lugha za kwao na darasa zima linalipuka.

Lakini mshale pia haukuonyeshi waliokuwepo. Sikiliza Kixhosa na Kizulu, zile sauti za vidoko, ulimi unapigwa kwenye kaakaa. Sauti zile hazikutoka Cameroon, zimetoka kwenye lugha za Wakhoi na Wasan ambao walikuwa wanaishi kusini kabla yao, Wasan kwa maelfu ya miaka. Na sauti za namna ile haziingii kwenye lugha kwa kuuziana vitu mara moja moja, zinaingia watu wakioana, mama anambembeleza mtoto kwa sauti za kwao na mtoto anakua nazo. Kwahiyo hapo palikuwa na kuhama, palikuwa na kuhamia kwa watu, na bila shaka kuna Wasan waliohamishwa pia kutoka kwenye mabonde yao mazuri ya maji. Vitendo vitatu, na ramani ina mshale mmoja.

Nikubali jambo moja kwa haki. Kuna mahali mshale unakaribia ukweli, nao ni baharini. Mabaharia wa Polynesia, vile visiwa vya Bahari ya Pasifiki, walijua wanachofanya, walisoma nyota, mawimbi na ndege wa baharini, wakafika Hawaii, Rapa Nui na New Zealand wakiwa na mbegu na mifugo kwenye mitumbwi yao, mtu habebi kuku na miche akiwa amepotea. Mwaka 1769 Tupaia, kuhani na nahodha kutoka Raiatea, alipanda meli ya James Cook na akawasaidia Waingereza kuchora ramani yenye visiwa zaidi ya 70 ambavyo alikuwa navyo kichwani. Wale walihama, kwa kitendo kamili. Na wenzao wa ukoo huohuo wa lugha ndio waliovuka Bahari ya Hindi wakafika Madagascar, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Borneo, na lugha iliyo karibu zaidi na Kimalagasi mpaka leo ni Kimaanyan cha hukohuko Borneo. Utafiti wa DNA uliotoka 2012 ulionyesha kwamba waanzilishi wanawake walikuwa wachache mno, kama 30 tu. Lakini wakakutana na watu wa bara la Afrika, na ukitaka kujua walikutana vipi angalia wanyama, ng'ombe kwao ni omby, kondoo ni ondry, kuku ni akoho, mbwa ni amboa. Msomaji wa Kiswahili haihitaji kamusi hapo. Watu wa pande mbili za bahari walikutana pale wakazaa taifa moja, na huo mkutano hauna mshale unaoutosha.

Sasa nije kwenye Roma, manake nyie na magazeti mengine mkitaka kutisha watu kuhusu wageni mnakimbilia hapo, eti washenzi walivamia na dola likaanguka. Kilichotokea mwaka 376 ni hiki. Wagothi, watu wa makabila ya Kijerumani, walikuwa wanawakimbia Wahun (kwa Kiingereza Huns, wapiganaji wa farasi) waliotokea mashariki, wakafika ukingo wa mto Danube uliokuwa mpaka wa Roma, wakiwa na wanawake na watoto na wazee, wakaomba ruhusa. Narudia, waliomba ruhusa. Kaizari Valens akakubali, alikuwa anahitaji askari na walipa kodi. Wakavushwa kwa boti na magogo, wengine wakazama. Upande wa pili maafisa wa Roma wawili, Lupicinus na Maximus, walitakiwa wawape chakula, wakageuza njaa yao kuwa biashara. Ammianus Marcellinus, aliyekuwa mwanajeshi wa Roma mwenyewe na ndiye aliyeandika historia ya miaka ile, anasema maafisa walikusanya mbwa wakawa wanawapa Wagothi wale, mbwa mmoja kwa mtu mmoja anaechukuliwa utumwa, na kati ya waliochukuliwa walikuwemo watoto wa viongozi wao. Fikiria mzazi anatoa mtoto ili wengine wale mbwa. Ndani ya mwaka wameshika silaha, na tarehe 9 Agosti 378 pale Adrianople, ambayo leo ni Edirne nchini Uturuki, walilipiga jeshi la Roma likafa sehemu kubwa na Valens mwenyewe akafia hapohapo. Mwaka 410 Wagothi wakaingia Roma. Huwezi kuniambia hiyo ni hadithi ya uvamizi tu, wale walikuja kama wakimbizi wenye kibali na uamuzi wa watu wachache wenye madaraka ndio uliowageuza kuwa jeshi. Mkiandika tena habari hii naomba sana, msiruke ile miaka miwili kati ya 376 na 378.

Utumwa hata sitaki kusema mengi kwa sababu jambo liko wazi. Waafrika kama milioni 12.5 walipakiwa kwenye meli za Atlantiki kati ya karne ya 16 na 19, waliofika wakiwa hai ni kama milioni 10.7, waliobaki wako chini ya bahari. Mpaka mwaka 1820 hivi, katika watu waliovuka bahari ile kwenda Amerika, kwa kila Mzungu mmoja walikuwepo Waafrika watatu au zaidi. Yaani Amerika hiyo kwa karne tatu ilikuwa inajazwa zaidi na watu waliobebwa kuliko waliokwenda. Msiite uhamaji. Hata kuhamishwa bado ni neno dogo kwa hilo, semeni walitekwa, wakauzwa, wakasafirishwa.

Kinachonisumbua zaidi ni kile kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo kitendo kinapoanza kuteleza mkononi. Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake kwa sheria ya 1833, wenye mashamba ya miwa wakataka wafanyakazi wengine, na kuanzia 1834 meli zikaanza kuleta Wahindi Mauritius kwa mkataba wa miaka mitano. Baadae Guyana, Trinidad, Natal, Fiji. Mpaka usajili unasimamishwa 1917 walikuwa wamepelekwa watu zaidi ya milioni moja. Mkataba wenyewe wengi hawakuweza kuusoma, wakaweka dole gumba, na neno la Kiingereza la mkataba wakalitamka kwa ulimi wao likawa girmit, na wao wakajiita girmitiya, watu wa girmit. Je walihama au walihamishwa? Kuna aliyedanganywa kwamba anaenda karibu tu, kuna mjane aliyekuwa anakimbia maisha ya ukweni, kuna aliyekuwa na njaa na akaona bora aende. Mimi nimelifikiria hili miaka na sijapata kitendo kimoja cha kuwatosha wote, na nadhani gazeti likisema hivyo wazi litakuwa limemheshimu msomaji kuliko kuweka mshale kutoka Kolkata hadi Port Louis na kupita.

Na kwa nini kila makala ya karne ya 19 ni Wazungu wanaenda Marekani tu? Ni kweli walienda, wengi sana, kati ya 1846 na 1940 kama milioni 55 walivuka kwenda Amerika zote mbili, na Ireland peke yake kwenye njaa ya viazi ya 1845 hadi 1852 ilipoteza milioni moja kwa kifo na zaidi ya milioni moja kwa meli. Ila miaka hiyohiyo watu kama milioni 50 walitoka India na kusini mwa China wakaenda Asia ya kusini mashariki, na wengine karibu idadi hiyohiyo wakaelekea Manchuria na Siberia. Ni makundi matatu yanayokaribiana kwa ukubwa na kwenye kurasa zenu nimeliona moja tu. Alafu hata hilo moja, theluthi hivi ya walioenda Marekani walirudi walikotoka. Waitaliano ndio walirudi sana, walikuwa wanaenda kufanya kazi misimu kadhaa, wanarudi na akiba, wananunua kipande cha ardhi. Mshale wa kurudi nani amewahi kuuchora?

Karne ya 20 ndio ikaja na jambo jipya, kuhamisha watu kwa kalamu. Januari 1923 huko Lausanne, Uswisi, Ugiriki na Uturuki zilisaini makubaliano ya kubadilishana watu, kipimo kikawa dini. Wakristo wa Orthodox kama milioni 1.2 wa Anatolia, yaani Uturuki ya leo, wawe Wagiriki, Waislamu kama laki 4 wa Ugiriki wawe Waturuki, na wengi wa wale Wakristo walikuwa wameshatimuliwa au kukimbia vita kabla wino haujakauka. Sasa kulikuwa na Wakristo waliokuwa hawajui lugha nyingine zaidi ya Kituruki, na Waislamu wa Krete waliokuwa wanaongea Kigiriki tu. Wakashushwa bandarini kwenye nchi walizoambiwa ni kwao, hawaelewi hata mtu anaewaelekeza njia, na majirani wapya wanawaita wageni. Ramani ya mishale inaonyesha watu wanarudi nyumbani. Wao waliondolewa nyumbani.

Na 1947, mwaka India ilipopata uhuru kutoka Uingereza ikagawanywa na Pakistan ikazaliwa, wote tunaijua au tunadhani tunaijua. Mwanasheria Mwingereza Cyril Radcliffe alifika India Julai mwaka huo, hajawahi kukanyaga huko kabla, akapewa wiki kama tano achore mpaka wa kugawa majimbo ya Punjab na Bengal kati ya nchi hizo mbili. Mpaka ukatangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya sherehe za uhuru, kwahiyo kuna watu waliosherehekea uhuru wa nchi wasiyojua ni ipi. Watu kama milioni 15 walivuka kwa treni, kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa miguu, misafara mingine ya kilomita nyingi mno, na waliouawa hesabu zake zinaanzia laki kadhaa hadi zaidi ya milioni. Wengi waliacha funguo kwa jirani wa dini nyingine wakijua watarudi mambo yakitulia. Hao hawakuhama, mtu anaehama anabeba ufunguo wake.

Ndugu mhariri najua utaniambia hayo ni ya zamani na gazeti lina habari za leo. Sawa, tuje leo. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilihesabu mwisho wa 2024 watu milioni 123.2 waliofukuzwa makwao kwa vita na mateso. Zaidi ya nusu yao, milioni 73 na ushee, hawajavuka mpaka wowote, wako ndani ya nchi zao wenyewe. Na kwa wakimbizi waliovuka, kama theluthi mbili wako nchi ya jirani tu, wanasubiri pale pale karibu. Kwa upande mwingine, Umoja wa Mataifa ulihesabu mwaka 2024 watu milioni 304 wanaoishi nje ya nchi walizozaliwa, inasikika nyingi, lakini ni kama asilimia 3.7 ya watu wote duniani. Katika kila watu 100, zaidi ya 96 wapo nchi waliyozaliwa. Sasa msomaji anaeona neno wimbi kila wiki atajuaje hilo? Maji hayaombi ruhusa, hayaachi ufunguo kwa jirani, hayana mtoto mgongoni. Ukishamuita mtu wimbi kinachobaki kujadili ni ukuta tu, na mimi nadhani mwandishi aliyeandika hivyo hakukusudia hilo ila neno limeshafanya kazi yake.

Ninachoomba sio kikubwa na hakina gharama. Mkiweka mshale, andikeni kando yake ulichukua miaka mingapi, manake wa Wabantu ni miaka 3,000 na wa Punjab ni miezi michache na kwenye karatasi vinafanana kabisa. Wekeni jina la waliokuwepo pale mshale unapoishia. Kama kuna waliorudi, chorani na wa kurudi. Na chini ya ramani badala ya lile neno uhamaji wekeni kitendo chenye mtendaji wake, walihama, walihamishwa na fulani, walimkimbia fulani. Yule fulani ndio mara nyingi anakosekana kwenye habari zenu na ndie wasomaji wanatakiwa wamjue.

Nimesikia mnaandaa kurasa maalum za historia kwa ajili ya wanafunzi. Mkiwa tayari kupokea, daftari zangu za miaka yote nimezitunza, nitazileta mwenyewe.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu